Kilima cha Hyrax na Kazi ya Mikono Yetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi, Nakuru)



Halmashauri ya tawi imetutaka sisi tuliokwenda Hyrax Hill tuwaeleze ninyi ambao hamkupata nafasi ya kwenda. Tumekaa pamoja, tumeandika mambo tuliyoyaona na kuyasikia, na sasa twayasoma mbele yenu. Tunaomba mtusikilize mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni tuna ombi.

Safari yenyewe haikuwa ya mbali. Kutoka katikati ya mji wa Nakuru mpaka Hyrax Hill ni kama kilomita 4 tu, karibu na barabara kuu iendayo Nairobi. Wengi wetu hupita hapo ndani ya matatu tukienda kazini na kurudi. Lakini tulipoulizana njiani ni nani aliyewahi kuingia, katika watu 19 tuliokuwamo, waliojibu ndiyo walikuwa 2 peke yao, na wote wawili waliingia walipokuwa watoto wa shule. Sisi wengine tulitoa sababu moja: "Pale ni pa watalii." Ndugu, tulisema hivyo bila ya kuona haya, na huku ni nyumbani kwetu.

Jina la Hyrax maana yake ni pimbi, wale wanyama wadogo wakaao katika mawe. Nyumba ya makumbusho iliyo pale zamani ilikuwa nyumba ya setla, na mashamba yaliyoizunguka yalikuwa yake. Mahali penyewe palitangazwa kuwa pa ukumbusho wa nchi mwaka wa 1943, na nyumba ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka wa 1965, yaani miaka miwili baada ya Uhuru, na mwaka ule ule ambapo COTU iliundwa.

Katika msafara wetu alikuwamo mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye alizaliwa katika shamba la setla upande wa Njoro. Alipofika mlangoni alisimama kidogo. Tukamwuliza, "Mzee, kuna nini?" Akajibu ya kuwa mama yake alifanya kazi katika nyumba kama hii miaka mingi, na yeye alipokuwa mtoto alikuwa akimngojea nje, upande wa jikoni. Mlango wa mbele hakuuvuka hata siku moja. Basi tukamwambia, "Mzee, leo tangulia wewe." Akatangulia, nasi tukafuata.

Ndani mna vyumba vichache tu, na vitu vyake si vya dhahabu. Ni vyombo vya watu wetu wa Bonde la Ufa, na vitu vilivyochimbuliwa hapo kilimani: vigae vya vyungu, mawe ya kusagia, na visu vidogo vya jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, liitwalo obsidiani. Mawe ya namna hii hupatikana katika mlima Eburru, karibu na Naivasha. Wataalamu wameyapima mawe yaliyookotwa katika makao ya zamani, wakaona ya kuwa mawe ya Eburru yalichukuliwa mpaka nchi ambayo leo ni Tanzania ya kaskazini, maelfu ya miaka kabla ya barabara na reli. Kwa hiyo walikuwako wachimbaji, walikuwako wachukuzi, na walikuwako mafundi wa kuyachonga. Hizo ni kazi, ndugu, na sisi twazijua.

Halafu tukatoka nje tukapanda kilima. Mahali hapa palianza kujulikana kwa wataalamu mwaka wa 1926, Louis Leakey alipokuwa akichimba upande huu wa Nakuru. Mkewe, Mary Leakey, alichimba kilimani hapa mwaka wa 1937 na 1938. Alikuta makao ya nyakati mbalimbali. Makao ya kale zaidi ni ya watu waliofuga ng'ombe na mbuzi miaka ipatayo 3,000 iliyopita, ambao hawakuwa na chuma. Makao ya baadaye ni ya watu waitwao Wasirikwa, nao ni wa karne chache zilizopita.

Katika makaburi ya wale wa kale, wanawake walikutwa wamezikwa pamoja na sahani za mawe, na wanaume hawakuwa nazo. Sahani ya jiwe haichongwi kwa siku moja. Hata hivyo mwanamke alipokufa, watu wake hawakusema, "Chombo hiki ni kizuri, na tubaki nacho." Walimpa aende nacho. Dada mmoja katika msafara, mfanya kazi wa shamba la maua, alisema hivi: "Basi hao walijua kuheshimu kazi ya mwanamke." Hatukuwa na la kuongeza. Na katika pango la mto Njoro, lililochimbwa mwaka wa 1938, yalikutwa mabaki ya watu wapatao 80 waliochomwa moto kwa taratibu za maziko, nao waliwekewa mabakuli ya mawe, michi na vibuyu. Huko pia si mbali na hapa.

Sasa tuwaeleze habari ya mashimo. Upande mmoja wa kilima kuna mashimo mapana ya mviringo yaliyochimbwa katika mteremko, moja baada ya jingine. Siku nyingi watu walibishana juu ya mashimo kama haya, ambayo yako mengi katika nchi yetu ya Bonde la Ufa. Wengine walidhani ni nyumba za watu waliokaa chini ya ardhi. Kijana aliyekuwa akituongoza alitaka kutueleza, lakini mzee wetu wa reli alimtangulia. Alitazama, akazunguka, akasema, "Hili ni zizi."

Tukamwuliza, amejuaje? Akatuonyesha mlango. Mlango umeelekezwa upande wa chini wa mteremko, ili maji na uchafu vitoke vyenyewe. Kando ya mlango kuna kichuguu cha udongo. "Hapo," akasema, "ndipo walipotupa samadi kila asubuhi." Yule kijana akacheka, akasema mzee amefaulu mtihani. Ndivyo hasa alivyoeleza mtaalamu John Sutton, ambaye aliyachunguza mashimo ya namna hii tangu miaka ya 1960: yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba za watu zilijengwa zikipakana nayo, na kile kichuguu kilitokana na samadi na matope yaliyoondolewa zizini kwa muda mrefu.

Ndugu, fikirini jambo hilo. Kichuguu kile hakikujengwa na mfalme. Hakuna aliyekusudia kiwe ukumbusho. Ni kazi ya mtu aliyeamka asubuhi akafagia, na kesho yake akafagia tena, na mtoto wake akafagia baada yake. Kazi ile ambayo watu huidharau kuliko zote ndiyo iliyobaki mpaka leo, na ndiyo iliyowafundisha wataalamu maana ya shimo lile. Na hata leo, katika orodha ya mishahara ya chini inayotangazwa na Serikali, mfagiaji amewekwa katika daraja la chini kabisa.

Hapo juu ya mawe pia kuna vishimo vilivyochongwa safu kwa safu. Ni bao. Vijana wetu wawili walichutama wakaanza kuhesabu vishimo. Mmoja akasema kwao mchezo huo huitwa giuthi, mwingine akasema kwao ni ajua, na wa tatu akasema Wamasai huuita enkeshui. Kila mtu alikuwa na jina lake, lakini mchezo ni wa jamii moja. Sisi wa Nakuru twajua yaliyotupata mwaka wa 1992 na mwanzo wa mwaka wa 2008, jirani alipoambiwa ya kuwa jirani yake ni mgeni. Kwa hiyo tulipokuwa tumesimama pale tukitazama bao moja lenye majina mengi, tulinyamaza kidogo.

Wengine watauliza, Wasirikwa walikuwa kabila gani, ili wadai kilima ni chao peke yao. Wataalamu wanasema ya kuwa watu wale hawakufutika. Maisha yao yalibadilika, na wazao wao wakaingia katika jamii mbalimbali zinazoishi katika nchi hii hata leo. Kilima hakimpi mtu hati ya kumfukuza mwenziwe.

Sasa, ndugu, tufike kwenye jambo lililotugusa kuliko yote. Tumesema ya kuwa Mary Leakey alichimba hapo mwaka wa 1937. Mzee wetu aliposikia mwaka huo alisema, "Huo ndio mwaka wa sheria." Sheria gani? Sheria ya maskwota. Katika miaka ya 1920, baba yake alipokuwa kijana, masetla wa Bonde la Ufa walianza kuwapunguzia maskwota mifugo yao, wakawalazimisha kuiuza au kuiondoa. Watu waliita jambo hilo "kifagio", kwa sababu ng'ombe walifagiwa kama takataka. Halafu mwaka wa 1937 ikapitishwa sheria mpya, iliyoanza kutumika mwaka wa 1940, ikawapa masetla katika halmashauri zao za wilaya uwezo wa kuamua skwota awe na ng'ombe wangapi, au asiwe nao kabisa. Na siku za kumfanyia kazi setla kwa mwaka, ambazo kwa sheria ya mwaka wa 1918 zilikuwa 180, sasa ziliweza kuwa 240 au hata 270.

Tazameni basi. Mwaka mmoja, nchi moja. Kilimani watu wanachimba na kufukua makao ya wafugaji Waafrika, makao ya tangu miaka 3,000. Na Nairobi inaandikwa sheria ya kumwambia Mwafrika ya kuwa ng'ombe wake hawana mahali katika nchi hii. Ushahidi ulikuwa chini ya miguu yao.

Na hata ushahidi ulipotoka ardhini, walitafuta njia ya kumnyima Mwafrika. Baadhi ya wataalamu wa Kizungu wa miaka ile waliitazama mifupa ya makaburi ya Bonde la Ufa, wakaandika ya kuwa watu wale wa kale hawakuwa watu Weusi, bali walikuwa wa asili ya Kizungu au karibu na hiyo. Maana yake ni kwamba kazi ikionekana nzuri, basi lazima iwe ya mwingine. Mwaka wa 1975 Philip Rightmire, mtaalamu wa mifupa, alitoa matokeo ya vipimo vipya, akaonyesha ya kuwa dai lile halina msingi. Na mwaka wa 2019 wataalamu walitoa habari za uchunguzi wa watu 41 wa kale wa Afrika, wote kutoka Kenya na Tanzania. Waliona ya kuwa wafugaji wa kwanza walikuwa mchanganyiko: wako waliotoka upande wa kaskazini mashariki ya Afrika wakiwa na damu ya watu wa mbali zaidi, wako wa upande wa Sudani, na wako wawindaji waliokuwa hapa tangu zamani. Walikutana, wakaoana, wakafanya kazi pamoja. Hiyo ndiyo habari ya kweli, nayo haihitaji kupakwa rangi.

Tulipokuwa tunashuka, yule dada wa shamba la maua aliuliza swali ambalo bila shaka baadhi yenu mnaliuliza sasa hivi mioyoni. Alisema, "Ndugu zangu, nimefurahi. Lakini mawe haya yataniongezea mshahara?"

Ni swali la haki, na hatutaki kulikwepa. Mawe hayaongezi mshahara. Mshahara huongezwa na umoja, na mkataba, na michango inayolipwa kwa wakati. Lakini tumwulize aliyepunguza mshahara wa baba zetu alianza na nini. Alianza kwa kusema ya kuwa watu hawa hawana kitu, hawana historia, hawakujua kazi mpaka alipokuja kuwafundisha. Aliyekubali maneno hayo alipokea chochote alichopewa, akashukuru. Na leo tajiri akituambia, "Kazi yenu haina ujuzi," anaimba wimbo ule ule kwa sauti ya chini. Mtu aliyeliona zizi lile, na jinsi mlango wake ulivyoelekezwa, hawezi tena kuambiwa ya kuwa kufagia hakuna ujuzi. Atakwenda katika mazungumzo ya mkataba akiwa amesimama wima. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wazee, nao waliujua utumwa.

Kuna jambo jingine la kutuhuzunisha. Tulipofika chini tuliulizana: kilima hiki kilichimbwa na nani? Wote tukasema, "Leakey." Lakini jembe na karai zilishikwa na nani? Walikuwa vibarua Waafrika, na katika sisi 19 hakuna aliyeweza kutaja jina la hata mmoja. Kamoya Kimeu alianza kama kibarua wa kuchimba kwa akina Leakey katika miaka ya 1950, na mwaka wa 1984 yeye ndiye aliyeona kipande cha kwanza cha mifupa ya Mvulana wa Turkana, ambayo dunia nzima inaijua. Huyo jina lake limebaki. Wangapi majina yao yamepotea pamoja na udongo waliobeba?

Wenzetu wa nchi nyingine wamelifikiria jambo hili. Katika mji wa Chicago, Marekani, kuna mtaa uitwao Pullman. Kampuni ya Pullman ilikuwa na mabehewa ya kulala, na wahudumu wake walikuwa watu Weusi. Abiria wengi hawakujali majina yao, waliwaita wote "George", kwa jina la mwenye kampuni. Mwaka wa 1925 waliunda chama chao, kiongozi wao akiwa A. Philip Randolph, wakashindana na kampuni kwa muda wa miaka 12. Mkataba wao wa kwanza walitia sahihi mwaka wa 1937, mwaka ule ule ambao baba zetu walipata sheria ya maskwota. Na mwaka wa 1995, katika mtaa huo huo, ilifunguliwa nyumba ya makumbusho ya wahudumu wale, yenye jina la Randolph. Ni nyumba ya kawaida katika safu ya nyumba za wafanya kazi. Watoto wa mtaa huingia wakajua ya kuwa babu yao hakuitwa George.

Na wenzetu hao si wageni kwetu. Mwaka wa 1956 Tom Mboya alikwenda Marekani, na vyama vya wafanya kazi vya huko, AFL-CIO, vikatoa dola 35,000 za kujenga Solidarity House, Nairobi. Wao walitujengea nyumba ya kukutania. Sisi tuijaze nyumba zetu kumbukumbu.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, ombi letu ni hili, nalo lina sehemu tatu.

Kwanza, tawi lipange safari nyingine, na safari hiyo wanachama waje na wake zao, waume zao na watoto wao. Atakayeweza, aende pia Kariandusi, karibu na Gilgil, jirani na machimbo ya diatomaiti, akaone mashoka ya mawe ya watu wa zamani sana, ambayo umri wake huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya miaka.

Pili, kila mwanachama atazame nyumbani kwake, na kwa wazee wake, kama kuna kipande cha zamani, kile cheti ambacho watu wetu walitundikiwa shingoni tangu mwaka wa 1920. Au kadi ya chama, au karatasi ya mshahara, au picha ya mgomo. Asitupe. Alete ofisini, iandikwe jina la mwenyewe, na itunzwe katika sanduku lenye kufuli. Sanduku moja si makumbusho, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, vijana wenye simu wawaendee wastaafu wetu wa reli, wa mashamba na wa viwanda, warekodi maneno yao kabla hawajaondoka. Waulize majina. Nani alikuwa mwenyekiti? Nani alifukuzwa kazi kwa ajili ya wenzake? Nani alipika chai siku za mgomo? Mwaka wa 1947 Chege Kibachia alikamatwa, na mwaka wa 1950 Makhan Singh na Fred Kubai walikamatwa. Hao wamo vitabuni. Lakini nyuma yao walisimama maelfu ambao hawamo katika kitabu chochote, na baadhi yao ni mama zetu na baba zetu wa Bondeni, wa Njoro, wa Molo, wa Naivasha.

Jioni ile, kabla ya kuondoka, mzee wetu alirudi peke yake mpaka kwenye zizi. Tulimwona akiinama, akaokota jani kavu na kijiti vilivyoanguka mlangoni, akavitupa kando, pale pale walipokuwa wakitupa wao. Kisha akaja akapanda gari.

Ndugu wafanya kazi, hayo ndiyo tuliyoyaona. Umoja ni nguvu.